Baiskeli za shule zinaoza, bodaboda zinajaa langoni: tuanzie wapi?

MwalimuWaZamu
Salaam wanajukwaa. Shule iko Malindi, upande wa Barani. Asubuhi lango ni moshi na honi, kila bodaboda imebeba watoto watatu, wanne. Stoo tuna baiskeli kumi na mbili za msaada, zile za gia moja. Cheni ni kutu tupu na pancha haziishi. Kuna watoto wa kilomita moja, na kuna wa kutoka mbali, pande za Ganda. Nishikeni mkono.

FundiSpoki
Mwalimu, hiyo kutu ni chumvi ya bahari, na mkipaka oili chafu ya injini mnazidisha balaa: mchanga unanata, cheni inageuka msasa, meno yanaliwa. Isugue kwa kitambaa na mafuta taa. Ikikauka, tia tone moja la oili ya cherehani kwenye kila rola (kile kipipa kidogo kinachozunguka kwenye pini ya cheni), zungusha, halafu pangusa mpaka nje pawe pakavu. Kila wiki, masika usikose. Kisha pima kama cheni imerefuka kwa kuchakaa: weka rula katikati ya pini moja, hesabu 24 zinazofuata. Ya mwisho iangukie inchi 12 kamili. Ikipita kwa moja ya nane ya inchi, tupa, la sivyo itatafuna na friwili, yale meno ya gurudumu la nyuma.

Pancha za huko nyingi ni mbigili. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi. Mwiba ukibaki, kesho mko pale pale. Kiraka nacho kinabanduka kwa sababu ya pupa. Piga tyubu msasa, paka solusheni (gundi ya viraka) ipite ukingo wa kiraka, ngoja dakika tano mpaka isishike kidole, ndipo ubandike. Ukikuta matundu mawili yamekaa sambamba, hapo si mwiba: upepo ulikuwa mdogo, rimu imeibana tyubu.

MamaMuyeye
Baiskeli wapeni wa Ganda. Wa kilomita moja watembee kwa msafara: vituo vitatu au vinne njiani, mtu mzima mbele, mwingine nyuma. Wadogo huenda kama kilomita tatu kwa saa, kwa hiyo pigeni dakika 20. Kinachoua msafara ni kungojana. Dakika mbili kituoni, ondokeni! Mkichelewa darasani mara mbili, mzazi amesharudi kwa boda wake. Na boda zishushie mita 200 kabla ya lango.

MwalimuWaZamu
Shukran. Na mikoba?

FundiSpoki
Kwenye keria, ifungwe kwa ukanda wa tyubu kuukuu. Usukani hapana: mkanda ukiingia spoki za mbele, mtoto anaruka kichwa chini. Anayejifunza, mshushie kiti mpaka nyayo zote mbili ziguse chini. Halafu zile stendi za kubana gurudumu la mbele ng'oeni, zinapinda rimu. Chomeleeni bomba lililopindwa kama lango, urefu wa kiunoni, fremu iegemee hapo, chini ya mwarobaini.

MamaMuyeye
Mwarobaini wenye kunguru? Haya, viti vitapakwa rangi bure.