Naomba ushauri: nataka kuacha sigara na sina wa kunishika mkono

Msiri_wa_Bandari
Asalaam alaykum na habari zenu nyote. Mimi ni mkazi wa Mombasa, huku Mji wa Kale, na sigara imenichosha. Nimevuta miaka sasa. Kila nikijaribu kuacha siku ya kwanza naenda vizuri, ya pili kichwa kinagonga, nafoka ovyo, kila mtu nyumbani namuona mbaya, usingizi hakuna, ikifika ya tatu najikuta nishawasha na hata kiberiti sijui nimekitoa wapi. Ramadhani nafunga mchana kutwa na hamu siisikii sana, lakini nikishakula tende na maji akili yote iko kwenye sigara, hata muhogo wa nazi sioni utamu wake.

Kila nikiuliza naambiwa waambie watu wa nyumbani kwamba unaacha ili wakupe moyo. Mimi siwezi kuwaambia. Sasa nauliza, mtu anaweza kuacha kimya kimya bila yeyote kujua? Nyinyi mlioacha nani alikushikeni mkono? Harufu si tatizo langu, natafuna karafuu, vidole nasugua ndimu na jioni nafukiza udi nyumba nzima. Nataka tu kujua ile siku ya tatu mnaivukaje.

Utingo wa Magongo
Bro pole sana. Mimi niko kwa malori ya Malaba miaka mingi na huko barabarani muguka na sigara, yaani fegi, ni chanda na pete, ukitia ile majani kama miraa shavuni lazima mkono utafute fegi. 2024 gavana alipopiga marufuku muguka hapa Mombasa watu maskani walilia kama wamefiwa, mimi moyoni nilishukuru manake ilipoadimika fegi zilipungua zenyewe. Baadae ikarudi na mimi nikarudi nayo. Kwa hivyo swali langu bro, unakula muguka? Kama unakula acha hiyo kwanza. Halafu badilisha njia ya kurudi nyumbani, usipite kioski cha mtu anayekuuzia moja moja, huyo ndo adui yako namba moja.

Mtoto wa Kuze
Na hiyo ya moja moja hata sheria imekataa, ile ya tumbaku ya 2007 inasema haiuzwi chini ya kumi kwenye pakiti. Nani anafuata hapa kwetu? Mtoto wa shule anatumwa sigara mbili na chenji anarudishiwa peremende.

Abu_Swafaa
Ndugu yangu mimi nitakwambia ukweli. Mtu anayeweza kukaa zaidi ya saa kumi na tatu na saumu bila kuvuta hana uraibu, ana nia dhaifu. Hiyo swaumu ni ushahidi juu yako. Sigara ni kuiunguza pesa na mwili aliokupa Mola, na sioni kwa nini mtu aombe kupewa moyo ili aache jambo baya. Amua usiku, asubuhi umeacha.

Tabibu_Tudor
Abu Swafaa hapo umemuonea. Mimi niko duka la dawa na watu kama huyu nawaona. Arosto ya nikotini, yaani mwili kuidai sigara ukiikosa, ni ya kweli, inakuwa kali zaidi siku mbili tatu za mwanzo, ndo maana anaangukia hapo hapo, halafu inashuka pole pole kwa wiki mbili mpaka nne. Ile hamu yenyewe ikipanda haikai, mara nyingi haizidi dakika kumi, kwa hivyo kazi yako ni kujishughulisha na kitu hizo dakika mpaka ishuke. Oga, panda ngazi, piga simu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema wanaojaribu bila msaada wowote wanaofaulu ni kama 4 kwa kila 100, na ukipata mtu wa kukushauri pamoja na dawa nafasi inazidi mara mbili. Kwa hivyo kuomba kupewa moyo si udhaifu, ni sehemu ya tiba.

Kuna vibandiko vya nikotini na kuna chingamu, ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2009, si uganga. Kibandiko unabandika asubuhi begani au kifuani. Chingamu usiitafune kama ya dukani, tafuna mpaka usikie ukali halafu ibane kwenye ufizi utulie, ukali ukiisha unatafuna tena. Wengi wanaitafuna mfululizo, tumbo linachafuka, wanasema dawa mbaya.

Niambie: kwa siku ni ngapi? Ya asubuhi unaivuta muda gani baada ya kuamka? Ukiwa na ugonjwa wa moyo, mimba au unanyonyesha, pita kwa daktari kwanza.

Msiri_wa_Bandari
Shukran sana Tabibu. Muguka situmii. Kwa siku ni kama kumi hivi, siku nyingine zaidi kukiwa na mambo. Ya asubuhi ni baada ya watu kutoka nyumbani. Mimba hapana. Hayo mengine sidhani yana umuhimu.

Kashata Mbili
Marehemu babu yangu alikuwa muuza kahawa chungu, anapita na dele lake kuanzia Makadara mpaka feri, na aliacha sigara uzeeni kwa sababu kila akikohoa kahawa inamwagika na wateja wanacheka. Hakubandika kitu. Kila hamu ikimshika anakula kashata. Meno yaliisha lakini sigara hakurudia mpaka anakufa. Kwa hivyo mimi nakushauri kashata.

Bi_Mkubwa
Hamjambo wanangu. Nimesoma mara mbili na kuna jambo mmelipita. Huyu mnamwita bro, bro. Mwanamume gani wa Mji wa Kale anafukiza udi nyumba nzima kila jioni kwa mkono wake? Na akiulizwa mimba anajibu "hapana" badala ya kusema mimi ni mwanamume? Mwanangu, kama wewe ni mwanamke sema tu. Manake ushauri wa kukaa mbali na kioski hautakufaa kitu.

Utingo wa Magongo
Subhanallah.

Msiri_wa_Bandari
Ndiyo Bi Mkubwa, mimi ni mwanamke, mke wa mtu na mama. Sikusema kwa sababu najua likishatajwa hilo hakuna atakayejibu habari ya sigara, kila mtu atajibu habari ya mwanamke. Navuta juu darini nikienda kuanika nguo. Hakuna anayejua, si mamangu, si wifi zangu, si jirani. Sasa mnielewe ninaposema siwezi kumwambia mtu.

Abu_Swafaa
Innalillahi. Dada, mumeo yuko wapi katika haya yote?

Mtoto wa Kuze
Hapo ndo alipokuwa anapaogopa. Alipokuwa kaka ulimwambia nia dhaifu, sasa ni dada unamuuliza mume.

Bi_Mkubwa
Mabibi zetu hapa walikuwa wakila tambuu na tumbaku mbele za watu. Mamangu alikuwa na kijamanda chake, mna popoo, chokaa, tambuu na tumbaku, kikipitishwa sebuleni wageni wote wanachukua, na hapana aliyemwita mhuni. Bibi mmoja katika ukoo wetu aliugua saratani ya mdomo, tulimuuguza sisi, kula akawa hawezi, uji tunamtilia kwa kijiko cha chai, na hata hapo hapana aliyeitaja tumbaku. Sigara ndiyo mwanamke akiishika anatangazwa mtaa mzima. Sikuambii uvute, nakwambia sishangai kwamba umejificha. Sasa niambie, sigara unazipata wapi? Mwanamke wa buibui hasimami kioski akaomba sigara.

Msiri_wa_Bandari
Za mume wangu. Yeye anavuta tangu namjua. Alikuwa akikaa barazani na wenzake ananiita dirishani nimuwashie kwa kaa la jikoni, na kuwasha huko lazima uiweke mdomoni, unashika kaa kwa koleo, unavuta pumzi moja mpaka ncha iwe nyekundu, ndo unampa. Nilianza hapo. Baadae pumzi moja zikawa mbili, mwisho nachukua yangu. Pakiti anaiacha juu ya friji na hahesabu.

Tabibu_Tudor
Dada samahani nikuulize kitu kimoja. Miaka yote hiyo, kwa nini unataka kuacha sasa?

Msiri_wa_Bandari
Mtoto wangu wa mwisho ana pumu. Mwezi uliopita alibanwa usiku tukakimbia naye hospitali, akawekwa ile barakoa ya mvuke. Daktari akauliza nani anavuta nyumbani. Mume wangu akajibu, "Ni mimi." Mamangu akamgeukia pale pale mbele ya wauguzi akamsema mpaka akatoka nje. Tangu siku hiyo ukoo mzima unamsema yeye. Mimi nilinyamaza.

Sasa nishaanza jambo na naomba msinivunje. Namhimiza yeye aache, kwa ajili ya mtoto, na ameanza kukubali. Akiacha, pakiti haitakuwepo nyumbani na mimi nitaacha kwa kukosa. Sote tutakuwa tumeacha, mtoto atapona, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Msiniambie nimwambie. Hamumjui. Ana roho nzuri lakini kwa hili ataniona mtu mwingine.

Abu_Swafaa
Unamuacha mwenzio abebe lawama yako.

Msiri_wa_Bandari
Yeye pia anavuta, sijamzulia.

Kashata Mbili
Mimi naona mpango ni mzuri tu. Ndoa ngapi zimesimama kwa sababu mtu alinyamaza.

Mzee wa Feri
Mimi stori hii nimeikataa. Akaunti ni ya juzi. Mwanzo ni kaka, katikati dada, sasa kuna mtoto mgonjwa. Mke wangu nikipita tu Mwembe Tayari karibu na mtu anayevuta, nikifika nyumbani anauliza nilikuwa na nani. Mume wa huyu hana pua? Analala kitanda kimoja na mvutaji miaka yote asijue? Kesho tutawekewa namba tuchange pesa za hospitali, mtakuja kuniambia.

Utingo wa Magongo
Lakini mzee anasema ukweli, hiyo ya pua hata mimi imenikwama. Udi gani huo wa kuzima harufu ya sigara kumi?

Mtoto wa Kuze
Na ikiwa ni ya kutunga? Mimi najua nyumba tatu zenye hadithi kama hii.

Mzee wa Feri
Zitaje basi.

Mtoto wa Kuze
Nizitaje ili iweje?

Msiri_wa_Bandari
Sijaomba hata shilingi na sitaomba. Mzee, mkeo anasikia kwa sababu yeye havuti. Mume wangu mwenyewe ananuka sigara, kanzu zake zinanuka, mto unanuka. Yangu ataijuaje ndani ya yake? Amini au usiamini, mimi nimekuja hapa kwa sababu sina pengine pa kusemea.

Tabibu_Tudor
Kuhusu pua dada yuko sawa. Mvutaji pua na ulimi vinafifia, ndo maana wengi wakiacha wanasema chakula kimerudi utamu. Ila dada, hapo hapo ndipo mpango wako unapokatika. Mumeo akiacha kweli, baada ya siku kadhaa pua yake inaanza kurudi. Na wewe utakuwa bado unaiba moja hapa moja pale, manake arosto haiishi kwa sababu pakiti haipo, utatuma hata mtoto wa jirani. Atakaporudi ndani na pua mpya, moshi atakaoukuta kwenye leso yako ni wa nani?

Na la mtoto. Kuvuta darini hakumkingi vya kutosha, moshi unarudi na nguo na nywele, unambeba umemlaza kifuani. Yeye akiacha peke yake na kifua cha mtoto kikaendelea kubana, daktari atauliza tena swali lile lile.

Msiri_wa_Bandari
Hilo la pua sikuliwaza kabisa. Nimekaa nimelisoma mpaka simu imezima.

Bi_Mkubwa
Mwanangu usimwache huyo kijana akutie hofu tu, sikiliza. Acheni siku moja. Usingoje yeye aache ndiyo wewe uachie hapo. Mwambie baba fulani, mimi nitakushika mkono, pakiti isiingie nyumba hii, kahawa ya usiku tupunguze, jioni tutoke na mtoto mpaka Lighthouse tule mihogo na upepo wa bahari. Atadhani unamsaidia yeye na kweli utakuwa unamsaidia, na wewe unapata mtu wa kuvuka naye siku ya tatu. La kumwambia utaliona wewe. Mimi ningemwambia, lakini si usiku wa arosto, nyote wawili mna hasira mtachinjana.

Abu_Swafaa
Nilikuwa mkali dada, niwie radhi. Lakini lile la mamako kumsema mbele ya watu liondoe. Hata usipotaja lako, mwambie mamako amuache mkwewe.

Msiri_wa_Bandari
Hilo nitalifanya, InshaAllah. Mamangu namuweza. Kumwambia yeye bado, sitawadanganya. Tabibu, nikija dukani kununua vibandiko nitaonekana. Kuna njia?

Tabibu_Tudor
Piga 1192, ni ya NACADA, wale wa serikali wa kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na ni bure, hakuna anayeuona uso wako. Ipige asubuhi mumeo akishaenda kazini, ndo wakati wako wa ile ya kwanza. Vibandiko nunua duka la upande mwingine wa mji, Nyali au Bamburi, useme unamnunulia mume, si uongo, na yeye atavihitaji. Kila mtu na vyake lakini, msigawane, nguvu yake inategemea mtu anavuta ngapi. Na bei uliza maduka mawili matatu, zinatofautiana sana. Inhela ya mtoto isikae mbali.

Mzee wa Feri
Bado siamini. Lakini akianza aje aseme.

Utingo wa Magongo
Tabibu, hivyo vibandiko vinasaidia pia mtu wa muguka?

Tabibu_Tudor
Hapana kaka, kibandiko ni cha nikotini tu, muguka ni kitu kingine kabisa. Lakini usipokula muguka fegi zitakuwa nyepesi kuacha, ulisema mwenyewe hapo juu. Fungua uzi wako tuongee.