MREJESHO: Kupima usumaku wa mabawa ya galaksi za redio kwa eksirei

Wakuu, niliuliza hapa eksirei zinapimaje usumaku wa mabawa ya galaksi za redio, yaani yale mawingu makubwa ya elektroni na usumaku yaliyo pande mbili za galaksi na yanayotoa mawimbi ya redio, nipate cha kuwaeleza vijana wa klabu ya sayansi hapa Tabora. Asanteni sana, mmenitoa mbali.

Ushauri wenu wa kuanza na Fornax A, mojawapo ya galaksi hizo za redio, umelipa. Elektroni ni zilezile, kazi mbili: zikizunguka kwenye usumaku zinatoa redio, zikigonga fotoni (chembe za mwanga) za mnururisho wa kale wa ulimwengu, yaani mabaki ya Mlipuko Mkuu, ule wa kelvini 2.7, zinazipandisha nishati hadi ziwe eksirei. Eksirei inakwambia elektroni ni nyingi kiasi gani, redio inategemea elektroni pamoja na usumaku. Linganisha, usumaku unabaki peke yake. Hapo darasa likachangamka! Matokeo ya 1995 ya ROSAT na ASCA, setilaiti za eksirei, yalitoa maikrogausi chache tu (gausi ni kipimo cha usumaku, maikrogausi ni sehemu yake moja ya milioni), wakati Dunia yetu ina karibu nusu gausi. Kuna kijana bado anabisha.

Kushusha data ghafi za Chandra, darubini ya eksirei iliyo angani, kumeshindikana, bando limekata njiani. Tumetumia picha zilizokwisha kuchakatwa.

Na kwa aliyetaka tuone umbo la usumaku: njia hii ilitupa wastani tu. Mwelekeo wake unasomwa kwenye polaraizesheni ya redio, yaani upande ambao mawimbi yanatikisikia, na huko hatujafika.