Mabasi ya Dodoma–Morogoro yaruhusiwe spidi 100?

Wakuu, kuna hoja inayosema mabasi mapya yamechongwa vizuri mbele, yanakata upepo kama magari ya mashindano, kwa hiyo kikomo cha kilomita 80 kwa saa kimepitwa na wakati. Napinga, na naanzia hapohapo kwenye magari ya mashindano.

Gari la Formula 1 halikuundwa lipite hewani kwa wepesi. Mabawa yake huligandamiza barabarani lisipepesuke kwenye kona, na gharama yake ni upinzani mkubwa wa hewa. Ndiyo maana kuanzia 2011 hadi 2025 dereva aliyemkaribia mwenzake aliruhusiwa kufungua bawa la nyuma kwenye sehemu zilizonyooka: hewa inapita, upinzani unapungua, gari linachomoka. Kabla ya kona bawa linafungwa. Basi letu lina bawa gani la kufungua? Lina uso mpana na mgongo uliokatwa wima, na sehemu kubwa ya tatizo iko huko nyuma ambako watu hawaangalii: hewa inavurugika, shinikizo linashuka, basi linavutwa kinyume.

Upinzani huo hukua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 80 kwenda 100 unaongezeka kwa asilimia 56, na nguvu ya injini inayotumika kuushinda inakaribia maradufu. Dizeli hiyo italipwa na nani kama si abiria?

Dereva wa semi: Ongeza na upepo wenyewe. Kiangazi unavuma kutoka mashariki, unatupiga usoni tukielekea Morogoro. Ukiwa 80 na upepo wa 30 unakuja, gari linapambana na hewa ya 110. Wa 100 anapambana na 130. Ukigeuka ukapiga ubavuni, basi refu linayumba.

Abiria wa Nzuguni: Mnahesabu mafuta, mimi nahesabu muda. Mgonjwa mwenye miadi Muhimbili anahitaji kila dakika. Na treni ya umeme inakimbia 160 hapahapa Dodoma, mbona hamuilalamikii hewa?

Dada, hoja ya mgonjwa naiheshimu. Lakini Dodoma hadi Morogoro ni kama kilomita 260; hata ukienda 100 bila kupunguza popote, jambo lisilowezekana ukipita Kibaigwa na Gairo, unaokoa dakika 39 tu. Treni nayo ni ndefu na nyembamba: pua moja inafungulia njia mabehewa mengi, kwa hiyo kila abiria anabeba sehemu ndogo ya upinzani. Tena ina njia yake, haipishani uso kwa uso na lori wala haikuti watoto wakivuka kwenda shule.

Nishati ya mwendo nayo hupanda kwa asilimia 56 ileile, na yote inamalizwa na breki. Anayetaka 100 atueleze ng'ombe akikatiza Pandambili basi lililojaa litasimama wapi.