Umepasuliwa kwa kamera asubuhi, jioni uko kwako: ni salama au tunaharakishwa?

Wadau, kila mara nasikia watu wanasema mgonjwa wa upasuaji wa kamera, ule wa matundu madogo, asiruhusiwe siku hiyohiyo, alale wodini walau usiku mmoja, kwamba hospitali ikimruhusu mapema inataka tu kitanda kibaki wazi. Mimi nakataa, ila sikatai yote.

Dada yangu alitolewa mfuko wa nyongo, asubuhi kapigwa nusukaputi, jioni yuko sebuleni. Usiku kilichomliza siyo tumbo, ni bega la kulia, tukajua ni moyo huo! Kesho yake tulipopiga simu ndo daktari akatueleza, tumbo hujazwa gesi ya kabonidayoksaidi ili kamera ipate nafasi, sasa ile inayobaki inasumbua msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu na maumivu yanakuja kutokea begani, siku chache yanaisha. Maneno ya dakika moja hayo, tungeambiwa kabla ya kutoka tungelala.

Sasa tuje kwenye huo usiku mmoja wodini. Damu ikivuja ndani mara nyingi inajionyesha saa za mwanzo, ndo maana hawakuachii mpaka presha imetulia, umekunywa maji yakakaa, umekojoa, umetembea mwenyewe. Lakini nyongo inayovuja, au utumbo uliochubuliwa bila mtu kuona, inaweza kujitokeza siku ya pili, ya tatu, hata baada ya wiki. Ungelala wodini, asubuhi ungeruhusiwa unajisikia poa kabisa, na shida ingekukuta nyumbani vilevile.

Ninachokipigia kelele ni mtu kuruhusiwa bila kuulizwa analala na nani. Baada ya nusukaputi unatakiwa uwe na mtu mzima karibu saa 24 na usiguse gari. Anayeishi peke yake, anayekatika pumzi usingizini, anayekaa mbali saa nyingi na hospitali, huyo apewe kitanda, hapo sibishani na mtu.

Halafu hiyo karatasi ya ruhusa! Yetu iliandikwa "ukiona tofauti rudi". Tofauti ipi? Andikeni kwamba maumivu yanatakiwa yapungue kila siku, yakizidi, au tumbo likijaa, homa, kutapika kusikokoma, macho ya njano, rudi saa hiyohiyo usingoje kliniki, na muweke namba ya simu inayopokelewa usiku wa manane.

Nyie mlioruhusiwa siku hiyohiyo, karatasi zenu ziliandikwa nini?