Tumaini la mwaka mpya katika nyumba iliyopoteza watu Shakahola

Mlei wa Barani, Malindi
Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Jumuiya yetu ndogo ndogo ina desturi ya kuwatembelea majirani katika juma la kwanza la Januari, kusali nao na kuwatakia heri ya mwaka mpya. Safari hii tumepangiwa nyumba ya mama mmoja ambaye bintiye aliondoka na wajukuu kufuata mafundisho ya kufunga hadi kufa katika msitu wa Shakahola, na mpaka leo hajakabidhiwa mwili wowote wa kuzika. Alipopata habari kwamba tunakuja, alijibu kwa adabu kuwa chai tutainywa, lakini habari za tumaini tusizitaje kwake, kwa maana ndizo zilizomtoa mwanawe nyumbani. Mistari tunayotumiana kwa simu kila mkesha, hasa Yeremia 29:11, ule wa Mungu kutuwazia mema na kutupa tumaini, siioni ikifaa pale. Twende tukamwambie nini?

Katekista, Ganda
Milele na milele, amina. Mstari huo usiuache, ndugu yangu, ila usome yote ile barua ya Yeremia ulimotolewa. Iliandikiwa Wayahudi waliohamishiwa Babeli, na katika sura inayotangulia nabii Hanania alikuwa amewaahidi watu kwamba nira ya mfalme wa Babeli ingevunjwa katika muda wa miaka 2. Yeremia akasema ni miaka 70, maana yake wengi waliosomewa barua ile wangefia ugenini. Na kabla hajataja tumaini aliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuoza, na kuuombea amani mji waliomo. Maagizo hayo ni kinyume kabisa cha yaliyofundishwa Shakahola, ambako watu waliacha kazi, shule, hospitali na hatimaye chakula ili wawahi kumwona Bwana, na ambako miili zaidi ya 400 imefukuliwa tangu Aprili 2023. Kwa hiyo msiende mikono mitupu. Chukueni mchele, nazi na mbaazi, mpike kwake na mle pamoja naye, kwani katika nyumba iliyofiwa kwa njaa sahani hiyo ni mahubiri ya kutosha kwa siku ya kwanza.

Mama wa Muyeye
Nakubaliana na katekista kuhusu chakula, lakini naamini mama huyo anahitaji zaidi mtu wa kumsindikiza. Serikali ilianza kukabidhi miili kwa familia mwezi wa Machi 2024, baada ya vipimo vya vinasaba (DNA), na wako ambao bado wanasubiri. Nilimsindikiza jirani yangu aliyekuwa akifuatilia habari za mwanawe. Alikaa kwenye benchi na bahasha iliyochakaa kingo, ndani yake nakala ya cheti cha kuzaliwa, na kila jina lilipoitwa aliinuka kidogo kisha akaketi tena. Sikumsomea andiko lolote; tulipotoka nje, yeye mwenyewe ndiye aliyeanzisha Baba Yetu. Petro anatutaka tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, tena kwa upole. Basi ngojeni awaulize.

Mchungaji, Maweni
Dada amesema vyema, ila naogopa kungoja kusije kukawa kunyamaza moja kwa moja. Tukiogopa kutaja ufufuo kwa sababu wengine waliutumia vibaya, tutakuwa tumewaachia wao Injili, na sisi tumebaki na pole tu. Yesu alilia kwenye kaburi la Lazaro ilhali alijua atamfufua, na Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika, bali aliwaomba wasihuzunike kama wasio na matumaini. Lieni naye kwanza, hata kwa mwaka mzima ikibidi. Siku atakapouliza kama wajukuu wake wako kwa Mungu, mjibuni waziwazi na kwa imani yenu yote.

Mlei wa Barani, Malindi
Mungu awabariki nyote. Nimezungumza na mwenyekiti wa jumuiya, naye amekubali twende watu wachache badala ya jumuiya nzima, tukiwa na vyakula hivyo. Dada wa Muyeye, naomba unieleze ni hati zipi familia huulizwa wanapofuatilia, ili kama mama ataridhia tumsaidie kuzitafuta mapema.