Naomba ushauri: shali ya Kashmir katika riwaya yangu ya mapenzi

Hamjambo ndugu zangu. Niko Kisumu, naandika riwaya ya mapenzi ya mwaka 1901, reli ilipofika hapa pakiitwa Port Florence. Binti wa mfanyabiashara Mhindi anampa mpenzi wake shali ya nyanyake, iliyofumwa Kashmir kwa mkono. Shali moja iliweza kumchukua fundi zaidi ya mwaka, ndiyo maana naipenda sana: ni ahadi nzito kuliko pete. Lakini kule Paisley, Uskoti, waliiga nakshi hizo kwa mashine, nami nataka shangazi mmoja katika riwaya aitambue ya kweli akiishika tu. Nimeuliza maduka ya vitambaa, wakanionyesha za kiwandani.

Je, ukiigeuza upande wa nyuma utaona tofauti gani? Na niandike "shali" au "mtandio"?