Tupeane uzoefu: ulichaguaje skrini kubwa ya ofisini au sebuleni, na nini ulikuja kukijua baada ya kuifunga?

Mleta mada (Dar)

Habari zenu wadau. Naomba tupeane uzoefu kwenye hili la skrini kubwa, iwe ya chumba cha mikutano au ya sebuleni, maana naona wengi tunaingia dukani na maswali mawili tu, inchi ngapi na shilingi ngapi, halafu ikishakaa ukutani ndo tunaanza kujua tulichonunua. Naanza na yangu.

Mimi ni katibu wa saccos moja ya wafanyakazi. Mwaka 2022 bodi ikapitisha tununue skrini tuachane na projekta, ile projekta mchana hata ukifunga mapazia tarakimu zilikuwa zinaonekana kama zimemwagiwa maziwa. Nikatumwa mimi. Nikazunguka Kariakoo siku nzima nikachukua inchi 55, nzuri kabisa, ofisini kila mtu akaisifia. Kikao cha kwanza mhasibu kafungua Excel ya mikopo, na kule mwisho wa meza anakaa mzee wetu mmoja mstaafu, mjumbe wa bodi, nikamuona anavua miwani, anaifuta na kona ya shati, anavaa tena, kisha anamuinamia jirani yake awe anamsomea. Mjumbe anayeidhinisha mikopo ya watu ananong'onezewa tarakimu sikioni! Iliniuma sana kwa sababu mzee yule hakulalamika hata kidogo, angeendelea hivyo hivyo mpaka muda wake wa ujumbe uishe.

Kesho yake nikaingia na futi ya fundi. Kutoka skrini mpaka kiti cha mzee ni mita 6 na nusu. Picha ya inchi 55 kimo chake ni kama sentimita 68 tu, maana inchi wanapima kona hadi kona. Baadaye mtu anayefunga vifaa vya mikutano akanielekeza hesabu wanayoitumia wao, wanaiita 4/6/8. Kama watu wanasoma vitu vidogo vidogo kama michoro na hesabu za kina, kiti cha mbali kisizidi kimo cha picha mara 4. Mikutano ya kawaida mara 6, kuangalia video tu mara 8. Sisi tulikuwa karibu mara 10!! Tukahamishia ile 55 mapokezi, tukajichanga tena tukachukua 86, kimo chake kama sentimita 107, hapo tukaangukia kwenye mara 6, na mhasibu nikamwambia Excel yake aikuze asilazimishe safu zote ziingie kwa mpigo. Sasa hivi mzee anasoma mwenyewe na anauliza maswali magumu kuliko wote.

Ninachotaka kusema, chumba ndo kinachochagua skrini, siyo duka. Leteni na zenu.

Mdau, Tanga

Mleta mada umenigusa. Yangu ni ya nyumbani, ya bimkubwa. Mama ana mtoto wa jicho, moja limeshafanyiwa upasuaji lingine bado linasubiri. Tulikuwa na inchi 32 ya siku nyingi na yeye alikuwa anavuta kiti cha plastiki mpaka karibu kabisa na tivii, kama mita moja, wajukuu wako nyuma yake hawaoni kitu wanaishia kugombana. Tukachangishana ndugu wanne tukamletea 65.

Sasa kosa likaja kwenye kufunga. Fundi akaipandisha juu, usawa wa juu ya mlango, akasema watoto wasiiguse. Wiki ya pili mama anasema shingo inamuuma, anaanza kurudi kwenye redio. Nilivyofika likizo nikamkalisha kwenye kochi lake nikapima kutoka sakafuni mpaka jicho lake, sentimita 105, nikamwambia fundi ashushe katikati ya picha ije karibu na hapo. Ukuta ukabaki na matundu manne tukayaziba na plasta. Kingine nikapunguza mwanga, maana ilikuwa imewekwa ile hali ya dukani, mwanga umejaa mpaka macho yanachoka.

Siku hiyo jioni wakati wa taarifa ya habari akasoma mwenyewe yale maandishi yanayopita chini, kwa sauti, neno kwa neno, akiwa kwenye kochi na wajukuu pembeni. Nilitoka nje kidogo nikarudi. Hiyo hela sijutii hata shilingi.

Mdau, Mwanza

Mimi nilichukua 75 ya 4K nikaitundika, nikawasha kisimbuzi, picha imetawanyika kama imepita majini. Nikahisi nimepigwa. Kumbe tatizo ni kinacholetwa. 4K ina nukta 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8, chaneli nyingi tunazoangalia hazifiki huko, na nyingine hata HD hazifiki, kwahiyo tivii inajaza yenyewe na ukiwa na inchi 75 kila kasoro unaiona. Kwenye 32 ulikuwa huioni. Nilichofanya, kisimbuzi nikakibadilisha kutoka ule waya wa rangi tatu nikaweka HDMI, ule waya mmoja wa kidijitali unaobeba picha na sauti, nikaingia kwenye mipangilio yake nikapandisha ubora wa picha, na ule ukali wa picha kwenye tivii nikaushusha karibu na sifuri. Ikawa afadhali sana. Mpira wa HD ukiwepo hapo ndo unafaidi. Kwahiyo kabla hujaongeza inchi jiulize unaangalia nini kila siku.

Mdau, Morogoro

Naendesha kibanda umiza, banda la kulipia kuangalia mpira, mwaka wa saba huu. Wateja wangu wanakaa kwenye mabenchi na banda ni pana kuliko lilivyo refu, na hapo ndipo nilipojifunzia.

Kabla ya AFCON ya Ivory Coast, ile ya Januari 2024 ambayo Taifa Stars walikuwepo, nilinunua moja kubwa nikaweka katikati. Ukikaa katikati picha kali, nyeusi ni nyeusi kweli. Waliokaa pembeni nyasi zinapauka, jezi za rangi zinazokaribiana hawazitofautishi, na hao wamelipa sawa na wa katikati. Nikaja kuelewa kuna aina mbili kubwa za kioo kwenye hizi tivii za LCD. Kuna VA, inatoa giza zuri lakini ukikaa pembeni inapauka, na kuna IPS, giza lake siyo zuri sana ila ukikaa pembeni rangi hazikimbii. Wauzaji wengi hawatakwambia, ila jaribio lake ni rahisi, dukani usisimame mbele ya tivii, tembea uende pembeni kabisa uangalie uso wa mtu kwenye picha, ukibadilika rangi hiyo ni ya sebule nyembamba, siyo ya kwangu mimi.

Nikaiuza ile nikachukua mbili za 55 za IPS, kila moja imeelekea upande wake. Mwanzoni upande wa kulia niliweka kisimbuzi na wa kushoto intaneti, hilo msijaribu jamani, intaneti inachelewa, upande mmoja wanashangilia goli upande wa pili mpira bado uko katikati ya uwanja, karibu watu wakunjane. Sasa ni kisimbuzi kimoja na spilita, kile kifaa cha kugawa picha kwenda tivii mbili, wote wanaona kwa pamoja.

Mdau, Nairobi

Hapa kwetu wengi tunanunua Luthuli Avenue. Nilinunua moja ya chumba cha mafunzo, boksi imeandikwa 4K kubwa kubwa, bei ilikuwa chini kuliko majirani wote nikafurahi. Kuunganisha laptop maandishi madogo yana ukungu, herufi e na herufi o hazitofautiani. Nikasogea na simu nikapiga picha karibu kabisa, nukta zake unaweza kuhesabu. Ilikuwa inapokea mawimbi ya 4K lakini kioo chenyewe si cha 4K. Tangu siku hiyo nikienda kununua nabeba laptop yangu na faili moja ya herufi ndogo sana, nasema iunganisheni hii kwanza. Muuzaji anayekataa hilo naondoka. Na nasoma namba ya modeli kwenye kibandiko cha nyuma ya tivii yenyewe, si ya boksi, naitafuta kwenye simu nikiwa hapo hapo.

Pia kuna kitu cha pili, maandishi mekundu au ya bluu yakiwa na ukungu hata kwenye skrini nzuri, usikimbilie kuirudisha. Ingia kwenye mipangilio ya tivii, jina la lile tundu la HDMI ulilochomeka laptop ulibadilishe liwe PC, nyingi hapo zinaacha kuchakachua rangi. Kingo za picha zikikatika pia hutibika kwenye mipangilio.

Mdau fundi, Arusha

Nafunga hizi vitu kila wiki, nitasema machache.

Waya. Chumba cha mikutano meza iko katikati, waya unapita sakafuni mpaka ukutani, mita 10, 12, 15. HDMI ya shaba ya kawaida kwa umbali huo picha ya 4K inakatika katika, inazimika sekunde mbili inarudi. Wateja wanalaumu tivii. Hapo ni HDMI ya nyuzi za mwanga, lakini muwe makini ina mwelekeo, ncha moja ni ya kompyuta na nyingine ni ya skrini. Nimeitwa mahali waya umeshapitishwa ndani ya ukuta, umepakwa na rangi, kumbe umegeuzwa. Tulivunja. Jaribu waya ukiwa sakafuni kwanza, ukiwaka ndo uuzike.

Ukuta. 86 ina uzito wa kuanzia kilo 40 kwenda juu na zile za kugusa zinazidi. Kuta za jipsamu hazibebi hiyo, lazima kuwe na mbao au chuma nyuma yake. Tofali zenye matundu nazo zinataka skrubu zake.

Kubeba. Isimamishwe wima, isilazwe. Nimeona 75 imelazwa kwenye kirikuu juu ya magunia kutoka Dar, imefika haina mkwaruzo hata mmoja kwa nje, kuwasha kuna mstari wa ufa kona hadi kona. Na uiwashe mbele ya dereva kabla hajaondoka.

Umeme. Ukikatika chomoa. Ule unaorudi ndo unaua, unakuja umezidi. Weka stebilaiza inayochelewesha kuwasha dakika chache, siyo ile soketi ndefu ya kawaida, ile haizuii chochote.

Mdau, Unguja

Ongezeni na hili, OLED, zile tivii ambazo kila nukta inawaka yenyewe bila taa ya nyuma, nzuri sana wallahi, weusi wake hauna mfano, lakini kwa mzee wangu chaneli ya habari inawaka toka alfajiri mpaka usiku na ile nembo ya kona imebaki imechoreka hata ukibadilisha chaneli. Kwa matumizi ya hivyo chukueni LCD.

Mdau, Dodoma

Nashukuru kwa uzi huu, nipo kwenye kununua wiki ijayo. Chumba chetu cha mikutano ni mita 4 kwa 5, watu 8, tunatumia kama saa mbili kwa siku, laptop na mikutano ya mtandaoni. Dirisha kubwa liko kwenye ukuta mfupi. Nichukue ngapi na je lazima iwe ile ya kibiashara?

Mleta mada

Mkuu, kwanza usiiweke ukuta unaotazamana na dirisha, saa nne asubuhi utakuwa unaangalia magari ya nje kwenye kioo. Wala usiiweke upande wa dirisha lenyewe, mwanga utawapiga watu machoni. Tumia ukuta mrefu wa pembeni. Hapo kiti cha mbali kitakuwa kama mita 3 na nusu mpaka 4. Ukigawa kwa 6 unapata sentimita 67, kwahiyo 55 inatosha kwa kubanana, ila kwa Excel mimi ningeenda 65, kimo chake ni 81.

Ya kibiashara imetengenezwa kuwaka saa 16 au 24 kwa siku na mara nyingi ina mwanga zaidi, kwa saa mbili zako ya nyumbani inabeba. Lakini soma karatasi ya waranti kabla hujalipa, nyingi zinasema matumizi ya ofisini hayahusiki, na risiti ya EFD iandikwe namba ya modeli.

Leo jioni chukua maboksi, kata umbo la sentimita 144 kwa 81, libandike kwa selotepu hapo ukutani, chapisha ukurasa wa Excel yenu mkubwa wa ukubwa huo huo kwa kuunganisha karatasi, kisha kaa kile kiti cha mwisho, na ukiweza mkalishe mtu mzima kuliko wote hapo ofisini asome. Rudi utuambie amesoma mpaka mstari gani.